Ako Anataka Kwenda Kwao

Mzee aliyezaliwa mwaka 1942 katika nyanda za juu za Mbulu alikuwa na miaka 32 Operesheni Vijiji ilipomkuta mwaka 1974. Alikuwa ameshaoa, ana boma la ng'ombe na shamba lililopakana na mashamba ya ndugu zake. Akaambiwa ahame, ajenge karibu na barabara, shule na zahanati. Alihama. Akaezeka bati, akalea watoto na wajukuu hapo, na boma la zamani likabaki kuwa jambo la kusimuliwa jioni.

Sasa ana zaidi ya miaka 80. Saa 10 alfajiri anavaa koti, anashika fimbo na kusema anakwenda kwao. Mkwe akimwita Ako, yaani babu kwa Kiiraqw, na kumwambia, "Ako, kwako si ndiyo hapa?" anamtazama kama anayetazama mgeni asiye na adabu. Nyumbani wanasema mzee anapotea. Lakini ukimfuata kwa nyuma utagundua kwamba anaijua njia vizuri sana. Tatizo ni kwamba njia yenyewe ni ya mwaka 1973, na siku hizi imekatwa na korongo, uzio wa mtu na barabara ya magari.

Wilaya jirani ya Hanang nako kuna safari za namna hiyo. Kuanzia miaka ya 1970 mwanzoni, uwanda wa Basotu ambao Wabarbaig, tawi la Wadatoga, walichungia mifugo yao uligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Canada. Mashamba yalifika saba, kwa jumla kiasi cha ekari 100,000. Mzee wa Kibarbaig ambaye kumbukumbu za karibu zimemtoka anaweza bado kuziona zile nyasi, na akaamka kuzifuata.

Ninaanzia huku kwa sababu ushauri mwingi kuhusu demenshia, ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu, huanza na kufuli: funga mlango, funga geti, ficha funguo. Kwa familia ya Dongobesh au Endasak nadhani ni bora kuanza na swali jingine. Huyu mtu alikuwa nani alipokuwa na miaka 30? Aliamka saa ngapi, alikwenda wapi, alishika nini mkononi? Majibu ya maswali hayo yatakuonyesha hatari za nyumba yako vizuri kuliko orodha yoyote ya hospitali.

Hospitali, hata hivyo, ndiyo iwe hatua ya kwanza, maana si kila anayechanganyikiwa ana demenshia. Aliyekuwa mzima Jumatatu na Alhamisi akaanza kuongea na watu wasioonekana, huyo ana ugonjwa wa haraka: nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, sukari iliyoshuka, au damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka. Apelekwe siku hiyohiyo. Demenshia huingia polepole, kwa miezi na miaka, na hata hapo yako maradhi yanayofanana nayo lakini yanatibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, sonona. Mbulu ina la ziada. Watafiti waliofanya kazi na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, walionyesha kwamba baadhi ya wenye kifafa wa eneo hilo wana mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo, na mabuu hayo huweza kuvuruga fikra pia. Kwa hiyo kabla hamjaamua kwamba "ni uzee tu", mfikisheni Haydom, au Hospitali ya Tumaini pale Katesh, apimwe damu, presha, macho na masikio. Mzee asiyesikia na mwenye mtoto wa jicho huonekana amepotewa na akili kumbe amepotewa na dunia.

Hilo la "ni uzee tu" limetuponza kwa muda mrefu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi walichunguzwa mwaka 2010, na kiwango cha demenshia kikakadiriwa kuwa asilimia 6.4. Karibu wote waliokutwa nayo walikuwa hawajawahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa. Humohumo Hai ndimo kilimotengenezewa kipimo kiitwacho IDEA, kwa ajili ya watu ambao hawakusoma. Hakuna kuandika wala kuchora saa. Mzee anaulizwa daraja ni kitu gani, leo siku gani, nani kiongozi wa hapa. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anakumbuka orodha ya maneno. Anapanga njiti nne za kiberiti zifanane na alivyoonyeshwa. Muuguzi wa zahanati akifundishwa anakiweza. Lakini kifanyike kwa lugha ya mzee. Kiswahili wengi wa rika hili walijifunza baadaye, nacho huweza kuchoka kabla ya Kiiraqw au Kidatoga, kwa hiyo aende na mtu wa kumtafsiria, asije akahukumiwa kwa lugha ya pili.

Turudi nyumbani, tuanze na moto. Ama, yaani bibi, aliyewasha moto kila alfajiri kwa miaka 60 atauwasha na leo, hata kama amesahau jina la mwanawe. Mikono inakumbuka. Hatari ni kwamba atauwasha halafu aondoke, au ainame juu ya mafiga na kanga ikashika, au amimine mafuta ya taa kwenye kaa akidhani ni maji. Kumkataza jikoni ni kumnyang'anya kazi iliyomfanya kuwa mama wa nyumba, na akikatazwa atasubiri mlale. Jengeni jiko la udongo lililoinuka, moto ukae ndani. Kiberiti kilale mfukoni mwa mkwe. Mafuta ya taa yahame nyumba kabisa, na taa ndogo ya sola ichukue nafasi ya koroboi. Kisha mpeni Ama kazi ya mikono iliyo karibu na jiko lakini si ya moto: kuchambua maharage, kupukuchua mahindi, na kwa wakulima wa Bashay, kutenganisha vitunguu swaumu. Zikiharibika punje kumi, potelea mbali. Na wakati wa baridi ya Juni na Julai, jiko la mkaa lisilale chumbani kwake hata akilia baridi. Hewa yake huua watu wenye akili timamu. Yeye hatajua hata kufungua dirisha. Blanketi la pili na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa vinatosha.

Halafu kuna chupa. Nyumba ya mkulima na mfugaji ina sumu nyingi kuliko duka la dawa: dawa ya kuhifadhia mahindi, ya kuogeshea ng'ombe, ya kunyunyizia vitunguu, na mara nyingi zimehamishiwa kwenye chupa ya soda. Mzee mwenye kiu hasomi lebo. Sanduku moja la mbao lenye kufuli, nje ya nyumba, linamaliza jambo hili kwa siku moja. Vidonge vya presha navyo vifungiwe, lakini mbali na sumu hizo, maana aliyesahau kwamba amemeza atameza tena.

Usiku shida ni choo. Choo cha shimo kiko nyuma ya nyumba, mteremkoni, na masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia kuwa utelezi. Mzee akivunjika nyonga huku kwetu, kwa kawaida hainuki tena. Ndoo yenye mfuniko chumbani kwake haipunguzi heshima yake. Kubebwa kwenye machela hadi barabarani ndiko kunakompunguzia. Kwa mchana, mti mrefu uliofungwa kama mkono wa ngazi kutoka mlangoni hadi chooni, na mwingine wa kushikilia ndani, ni kazi ya asubuhi moja kwa kijana mwenye panga. Dawa za kumlaza zisitumike kama kufuli la usiku: hulegeza miguu, na baadhi ya dawa za akili kwa wazee wenye demenshia huongeza hatari ya kiharusi na kifo. Anayemwandikia ni daktari, si mwenye duka.

Kuhusu kutoka nyumbani, nina msimamo: msimfungie mtu ndani peke yake kwa kufuli la nje. Nyumba ikishika moto hatatoka. Fungeni kengele ya mbuzi mlangoni. Italia, na mtu ataamka. Akishikilia kwamba anakwenda kwao, usibishane naye. "Haya Ako, nikusindikize." Mnatembea, mnapita kwa jirani, mnaongea habari za ng'ombe, na baada ya nusu saa chai inawarudisha wote wawili. Anayeuliza mama yake yuko wapi, ukimjibu kila mara kwamba alifariki mwaka 1968, unamfanya afiwe upya kila siku. Muulize mama alikuwa anapika nini. Na jioni, yule aliyehesabu ng'ombe maisha yake yote atataka kutoka kuwahesabu, hata kama wamebaki mbuzi wanne. Ahesabu hao. Mwache afunge boma mwenyewe, wewe ukague baadaye.

Siku atakayoponyoka itafika tu, kwa hiyo wanaopaswa kujua wajue mapema: mwenyekiti wa kitongoji, vijana wa bodaboda, mwenye duka la njia panda, na hasa watoto wanaochunga, kwa sababu wao ndio walio porini mchana kutwa. Namba ya simu ishonwe ndani ya koti. Picha ya karibuni ikae kwenye simu ya mtu. Msisubiri giza, fisi wapo, na baridi ya milimani huua kabla ya fisi. Anzeni upande wa boma la zamani, kisha kwenye maji. Huku nako mila ina masharti yake: mke wa Kidatoga hatamki jina la baba mkwe wake wala maneno yanayofanana nalo. Aliyekaa naye kutwa nzima ndiye asiyeweza kuita jina lake porini, kwa hiyo awepo mtu wa kuita. Mila hiyohiyo ya mkwe iheshimiwe kwenye kuogesha. Ako aogeshwe na mwanawe au mjukuu wa kiume, na wana wasijifiche nyuma ya shughuli za mnadani.

Kuwaambia majirani kuna faida nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini. Mwanamke mzee anayetembea usiku, akaingia ua wa watu, akaita majina ya waliokufa, huzungumzwa. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Familia inayoficha ugonjwa kwa aibu inaacha wengine watafute maelezo yao. Katekista au mchungaji akilitaja jambo hili wazi baada ya ibada, kwamba Ama fulani anaumwa ubongo na akionekana arudishwe nyumbani kwa upole, amefanya kazi ya walinzi kumi.

Ulinzi mwingine ni wa shamba na simu. Mtu asiyejua leo ni siku gani anaweza kuwekeshwa dole gumba kwenye karatasi ya mauziano, na anaweza kumtajia namba ya siri kijana yeyote anayemwita babu. Mapema, akiwa bado ana siku nzuri, ukoo ukae naye, matakwa yake yaandikwe, na mtendaji wa kijiji ajulishwe kwamba hakuna mauziano bila watoto kuwepo.

Kumhamisha nako kufikiriwe. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang, Desemba 3, 2023, yalilazimu familia za Katesh na vijiji vya jirani kuacha nyumba zao, na baadhi zikajengewa nyumba mpya Waret. Hapo hakukuwa na hiari. Lakini watoto wa Arusha na Dar es Salaam huja kumchukua Ama kwa hiari na kwa mapenzi, wakamweka kwenye nyumba yenye vigae na geti. Kule hajui choo kiliko, hasikii lugha yake, hana maharage ya kuchambua. Katika miezi michache huanguka mara nyingi kuliko alivyoanguka kijijini kwa miaka. Ikiwezekana pesa ndizo zisafiri, yeye abaki.

Nazo pesa peke yake hazimshiki mkono mtu usiku. Anayeamka kengele ya mbuzi inapolia ni mtu mmoja, mara nyingi mke wa kitinda mimba, ambaye ana shamba, watoto na mgongo unaouma, na ambaye hupigiwa simu kutoka mjini kuulizwa kwa nini Mama amekonda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wenye demenshia hutolewa na wanawake. Mbulu hawakuhitaji kuambiwa.

Krismasi inakuja, na magari ya Arusha yatajaa hadi mlangoni. Kikao cha familia kitafanyika, na ajenda ya kwanza itakuwa ng'ombe wa kuchinja. Ya pili iwe kalenda: nani anarudi Machi mashamba yanapopaliliwa, nani anachukua likizo yake Julai wakati wa mavuno, nani analipia msichana wa kusaidia, na mkwe atakwenda lini kwa mama yake mzazi kupumzika wiki mbili kamili, simu ikiwa imezimwa. Majina yaandikwe, na daftari libaki kijijini.