Majonzi Yenye Msikilizaji

Kila nizungumzapo na walimu wa fasihi, hukutana na lawama ileile: kwamba waandishi wetu wamezidisha vilio, na kwamba vijana wanahitaji vitabu vya matumaini. Wengine hujibu kuwa mwandishi ni kioo, naye hawezi kuchekelea jamii inayolia. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinatumia kipimo kisichofaa.

Tuitazame Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa katika visiwa vya Lamu takriban miaka 200 iliyopita. Ni tungo chache za Kiswahili zenye kiza kama hicho. Mshairi anaiangalia Pate iliyoanguka: majumba yaliyong'aa kwa taa na vyombo vya kaure yamekuwa makao ya popo, na mabwana wake wamo makaburini. Hata hivyo, mwanaisimu huona humo jambo linalopuuzwa. Mshairi hasimulii tu. Anausemesha moyo wake katika nafsi ya pili, kwa maswali na maonyo. Nani humwonya asiyeweza kubadilika? Sarufi yenyewe ya utungo huo imebeba tumaini.

Ndivyo alivyofanya Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858. Alikuwa mgonjwa, kifo kikimnyemelea, lakini alimgeukia binti yake akamuusia namna ya kuishi. Naye Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu, hakuishia kusikitika kwamba msamiati wa mafundi wa vyombo vya baharini unapotea. Alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, ili vizazi vijavyo viukute.

Je, tuseme nini juu ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, ambayo mhusika wake mkuu, Kazimoto, hujiua? Wapo wangependa isifundishwe. Mimi nasema ifundishwe, ila mwalimu asifunge kitabu na kuondoka kengele inapolia. Kazimoto hakupata wa kumjibu. Darasa linaweza kumjibu. Mwanafunzi aliyebeba huzuni kama hiyo kimyakimya atayasikia majibu ya wenzake, nayo huenda yakamfaa kuliko hadithi kumi za raha mustarehe.

Basi tusimuulize mwandishi kama ana furaha au huzuni. Tumuulize anasema na nani, na anataka msikilizaji wake afanye nini. Asiye na jibu, hata akicheka, ametuacha peke yetu.