Mashine haibembelezwi: Namba ya zege Garissa isiandikwe kwa kalamu

Sindano ilisimama kwenye 430. Mimi nikaandika 565.

Nilikuwa na miaka 21. Nilikuwa nimeacha kozi ya ujenzi mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nikapata kibarua kwenye maabara moja ndogo mjini Garissa inayopima zege la mijengo. Usione neno maabara ukadhani ni koti jeupe. Ilikuwa chumba cha mabati, mapipa mawili ya maji, mashine ya kupampu kwa mkono na daftari.

Kwa wasee ambao hawajawahi kuona kazi hii, mambo ni hivi. Siku zege linapomwagwa, fundi hujaza kiasi kwenye kibati cha chuma chenye sentimita 15 kila upande. Kesho yake kile kipande, tunakiita kyubu, hutolewa na kuzamishwa majini. Siku ya 7 kyubu kadhaa hupondwa ili kuona mwelekeo. Zilizobaki hupondwa siku ya 28, na hiyo ndiyo namba inayohesabika. Zege la daraja la 25, linalotumika sana kwa nguzo na slabu, linafaa kuvumilia kama kilonyutoni 562, yaani karibu tani 57, kabla ya kupasuka. Letu lilipasuka kwenye tani 44.

"Adeer, isome tena," mkubwa wangu akasema, bila hata kugeuka.

"Ni 430, adeer."

"Hiyo ni joto tu. Andika 565. Jamaa wamemwaga slabu ya tatu tayari."

Nikaandika. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika na yeye ndiye aliyenipa kazi wakati sikuwa na cheti. Wiki mbili baadaye niliacha kibarua hicho bila kuaga.

Jengo lile bado limesimama na watu wanaishi ndani. Nikipita hapo huwa naangalia juu. Tulishaona Nairobi tarehe 29 Aprili 2016, jengo la Huruma lilipoporomoka usiku wa mvua na kuua takriban watu 50. Wapangaji walikuwa wamelipa kodi kama wewe na mimi. Hakuna aliyeonyeshwa namba yoyote kabla ya kupewa funguo.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jinsi maabara za kisasa zinavyofanya kazi. Nilichojifunza ni kwamba chumba chetu kilikuwa na matatizo matatu, na la tatu ndilo lilikuwa kalamu.

La kwanza ni maji. Viwango tunavyofuata vina asili ya Uingereza na Ulaya, na vinataka kyubu zikae kwenye maji ya karibu nyuzi 20. Garissa joto la mchana hupita nyuzi 35, na pipa lililo chini ya mabati huwa kama chai ya rangi. Zege kwenye joto hukomaa haraka mwanzoni, halafu nguvu yake ya baadaye inakuwa pungufu. Kwa hiyo matokeo ya siku ya 7 yanaweza kukupa raha ya uongo. Hapo mkubwa wangu alikuwa na hoja. Lakini dawa ya joto ni tangi lenye kipimajoto na kifaa cha kupoza maji kinachojiwasha chenyewe. Kalamu haipozi maji.

La pili ni mkono. Mzigo unafaa kuongezeka kwa kasi moja, hivi kwamba kyubu ya daraja la 25 ichukue kama sekunde 40 kupasuka. Ukipampu kwa pupa, zege lilelile linasoma juu zaidi. Mimi nilipampu kulingana na nilivyolala. Mashine ya kujiendesha hushika kasi yenyewe, husimama kyubu inapopasuka, na kuandika matokeo moja kwa moja kwenye kompyuta. Matokeo hayo yanaweza kumfikia mhandisi na mwenye jengo kwa simu dakika ileile, kabla hajatokea mtu wa kusema "isome tena".

Kuna hata sensa ndogo zinazofukiwa ndani ya zege lenyewe, zinapima joto na kukadiria nguvu yake siku za mwanzo. Hiyo ingesaidia sana, maana shida yetu siku ile ilikuwa pia kuchelewa. Namba ilifika wakati slabu ya tatu ishakauka.

Najua mtasema hayo ni ya Nairobi. Lakini kutegemea Nairobi, zaidi ya kilomita 350, ndiyo kunatuumiza. Mafuriko ya El Nino ya Novemba 2023 yalipokata barabara, hakuna sampuli ingepita. Na mijengo haipungui huku. Barabara ya Isiolo kupitia Modogashe na Wajir hadi Mandera inajengwa, na mpango wake una kebo ya intaneti kando. Umeme? Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha zaidi ya megawati 50 kilichozinduliwa Desemba 2019. Jua linalochemsha pipa letu linaweza kupoza tangi.

Tusidanganyane lakini. Mashine haijui kyubu imetoka wapi. Mjanja anaweza kuchanganya zege zuri pembeni, ajaze vibati, halafu nguzo zipate lile la maji mengi na mchanga wa laga wenye udongo. Ndiyo maana kyubu inafaa kubandikwa msimbo wa kuskani palepale kwenye mjengo, na picha, saa na mahali. Na anayebandika asiwe mtu wa kontrakta peke yake.

Hapo ndipo kazi yetu vijana ilipo. Wengi wanaogopa mashine itakula kibarua. Italeta kazi nyingine: kusimamia umwagaji, kurekebisha sensa, kuhakiki mashine, kusoma matokeo na kumweleza mwenye pesa ukweli. Mimi ningefurahi kuwa na mashine siku ile. Ningemwambia mkubwa wangu, "Adeer, imeshaenda," na yeye angebaki kukasirikia kompyuta.

Kama familia yako inajenga Garissa, Wajir au hata Kayole, usiulize tu bei ya saruji. Uliza ripoti ya siku ya 28, uliza kyubu zilipondwa wapi, na kama imeandikwa kwa kalamu, uliza iliandikwa na nani.