Gesi ya Palma, kinywe cha Balama, na dumu lako la petroli

Betri ya gari la umeme hubeba kinywe kizito kuliko lithiamu, ingawa lithiamu ndiyo yenye jina. Madini hayo meusi, yanayopaka mikono kama masizi, huchimbwa Balama, kusini mwa Cabo Delgado, na kampuni ya Syrah Resources ya Australia. Desemba 2021 kampuni hiyo ilitiliana saini na Tesla, waliotoa Roadster, gari la michezo la umeme, mwaka 2008. Kinywe cha Balama huvuka bahari hadi kiwanda cha Vidalia, Louisiana, kutengenezwa malighafi ya betri.

Kaskazini, baharini mbele ya Palma, kuna gesi. Tangu Novemba 2022 inasafirishwa kutoka Coral Sul, kiwanda kinachoelea.

Wewe unayevusha mzigo kati ya Kilambo na Namoto bado unafunga dumu la petroli nyuma ya pikipiki. Kwa nini?

Gesi ya Coral Sul hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ikawa kimiminika na ujazo wake ukapungua karibu mara 600. Hiyo ni ya meli kubwa na wanunuzi wa mbali. Bajaji na magari yanayotumia gesi Dar es Salaam hujazwa gesi iliyoshindiliwa kwenye mtungi mnene, kwa shinikizo la takriban mara 200 ya hewa ya kawaida. Gesi ya Tanzania hutoka Songo Songo na Mnazi Bay, na Mnazi Bay iko Mtwara, ng'ambo tu ya Ruvuma. Bomba la kuipeleka Dar lilikamilika mwaka 2015, miaka miwili baada ya watu wa Mtwara kuandamana wakiuliza wao watabaki na nini.

Ukishawishika kufunga mfumo wa gesi, usikubali tangi la petroli litolewe. Gari la mifumo miwili hubadilisha kwa swichi, na ukishavuka mto usitegemee kukuta pampu ya gesi. Pima pia mtungi: ni mzito na unakula nafasi. Anayebeba abiria mjini hulalamika kidogo. Anayebeba magunia ya mchele atahesabu kila safari gunia lililobaki.

Pikipiki ya umeme ina hesabu nyingine. Haitaki tangi wala mtungi, na paneli za sola zinaweza kuichaji pasipo na nguzo za umeme. Hilo si dogo huku, ambako shambulio la Palma la Machi 2021 lilifunga maduka na njia kwa pamoja. Lakini mchanga na mzigo hula chaji haraka, kwa hiyo umbali wa kwenye karatasi upunguze sana kabla ya kulipa. Muulize muuzaji bei ya betri ya pili, si ya pikipiki peke yake.

Wenye majahazi wanatucheka. Upepo wa kusi haujawahi kupanda bei.