Mbuzi wa Nyika, Tui la Pwani

Mbuzi wa nyanda kavu za Makueni hainamishi kichwa kula nyasi ikiwa kuna kichaka karibu. Husimama kwa miguu ya nyuma, akaegemeza kwato za mbele kwenye shina la mgunga, akachuma jani mojamoja katikati ya miiba. Kiangazi kikikaza, huokota maganda ya mbegu yaliyodondoka. Mlo wake hautofautiani sana na ule wa digidigi au swala pala. Nyama yake kwa hiyo ina ukakamavu na harufu ambayo mbuzi wa zizini hana, na wasafiri wengi wa barabara ya Mombasa huzima gari Sultan Hamud kuifuata, hali Nairobi imebaki kilomita 110 hivi na wangeweza kuvumilia.

Mji wenyewe si mkubwa. Uko Makueni lakini umeuegemea mpaka wa Kajiado, hivi kwamba Mkamba mwenye bucha na Mmasai mwenye mifugo hawana safari ya kufunga ili wakutane. Jina liliingia na reli. Sayyid Hamud bin Mohamed alitawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902, na miaka hiyohiyo ndiyo reli ilipokuwa ikipanda kutoka Mombasa, ikafika Nairobi mwaka 1899. Inasimuliwa kwamba mtawala huyo alikuja kuitazama ilipofika hapa, na kituo kikapewa jina lake. Basi mji wa vumbi na miiba umebeba jina la bwana wa karafuu, na wenyeji hawaoni ajabu. Mimi naona jina limekaa mahali pake, kwa sababu ya chakula: ukitaka kuelewa namna ya kuipika nyama ya nyika, ujuzi wa kuutafuta uko pwani.

Lakini kwanza tuseme habari ya nyamapori, maana ndiyo iliyotangulia kuliwa hapa.

Wakamba walikuwa wawindaji na wachuuzi kabla ya mzungu yeyote kuijua njia hii. Misafara yao ilishusha pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, na kutoka huko Krapf akauona Mlima Kenya. Silaha yao ilikuwa upinde na mshale wenye sumu ya kusimamisha moyo. Mnyama alipoanguka, walikata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha, wakala iliyobaki. Nyama ya kula papo hapo ilichomwa. Ya kubeba ilikatwa vipande vyembamba virefu, ikaanikwa juani au juu ya moshi.

Kwa Mwislamu wa pwani, nyama hiyo haikuwa rahisi kuifikia. Mnyama aliyekufa kabla kisu hakijamfika shingoni anaweza kuwa kibudu, na mshale wa sumu huongeza shaka. Wapagazi Waislamu waliofuatana na wawindaji wa kizungu walikuwa na dawa yake: risasi ikilia, walitimua mbio na kisu mkononi ili wamuwahi mnyama akingali anapumua. Wazungu walinung'unika kwamba ngozi ya shingo imechanwa na kichwa hakifai tena kutundikwa ukutani. Mmoja alikuwa anawaza ukuta wake, mwenziwe anawaza sufuria.

Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa na kupanda gari la moshi. Sehemu ya safari aliketi kwenye kiti kilichofungwa mbele kabisa ya injini ili aone wanyama vizuri. Alipita hapa akaenda kuteremka Kapiti, kituo cha mbele kidogo upande wa Nairobi. Hadi safari yake ya Afrika inamalizika, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama wakubwa 512, wengi kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington, na nyama ikawalisha wapagazi. Mgeni huyo alikuwa na leseni na mapokezi ya heshima. Mkamba aliyempiga swala yuleyule kwa mshale wa babu yake, kwa sheria za serikali hiyohiyo, aliitwa jangili. Uchungu huo ungali unasikika katika mazungumzo ya wazee wa Ukambani kila kesi ya mtego au mshale inapotajwa, na sioni haki ya kuwaambia wausahau.

Uhuru haukuurudisha upinde. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, wa tajiri na wa maskini, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine. Uliachwa mlango mdogo tu. Mashamba machache ya binafsi, likiwemo lile la David Hopcraft kwenye nyanda za Athi, yaliruhusiwa kuvuna wanyama kwa idadi, na mkahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, ukajipatia jina kwa kuchoma pundamilia na kongoni kwenye mishikaki mirefu. Mlango huo nao ulifungwa mwaka 2003. Tanzania imeshika njia nyingine: tangu kanuni za mwaka 2020, mtu mwenye leseni anaweza kufungua bucha la nyamapori, na mteja anaingia mchana kweupe akanunua kilo yake kama anunuavyo ya ng'ombe.

Mkenya anayetamani nyama hiyo huishia kwa mtu wa gunia, muuzaji wa siri, na hapo nashauri ageuze njia. Kununua ni kosa kama kuua. Tena nyama ya gunia haikupimwa na mtu. Kimeta hakionekani kwa macho kwenye mnofu uliokwisha kukatwakatwa, na hakuna muhuri wa mkaguzi wa kuulizia. Mnunuzi mwingine hajui hata anachokula: mwaka 2004 shirika la Born Free lilipima nyama ya mabucha ya Nairobi, na ikatokea kwamba baadhi ya iliyouzwa kama ya ng'ombe au mbuzi ilikuwa ya porini. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huuangalia mkia kwanza. Mzoga wa mbuzi ulioachiwa mkia wake wenye singa umekwisha jieleza kabla mwenye bucha hajafungua kinywa.

Kuna hesabu moja ambayo kila nikiisoma naiona Sultan Hamud. Joseph Ogutu na watafiti wenzake walikusanya takwimu za kuhesabu wanyama kwa ndege katika nyanda za malisho za Kenya, kuanzia 1977, mwaka uleule wa marufuku, hadi 2016. Wanyama wa porini walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Katika muda huohuo kondoo na mbuzi walikuwa wameongezeka kwa asilimia 76. Sheria ilimwondoa swala kwenye sufuria, lakini huko machungani aliondolewa na watu kuongezeka, mashamba, nyua, mitego, na mbuzi. Mbuzi ameshika nafasi yake mara mbili, kichakani na jikoni. Sisemi hili kwa kushangilia. Ila maadamu yeye ndiye tuliye naye, na anakula majani yaleyale, yafaa tumpike kwa adabu ambayo nyama ya aina hiyo inastahili.

Na hatumpiki kwa adabu. Desturi ya barabarani ni mbio. Mteja anashuka, anaulizwa, "Bosi, mguu ama mbavu?", anachagua, nyama inapimwa, inatiwa chumvi, inarushwa juu ya wavu wenye moto mkali. Mbavu huistahimili kazi hiyo kwa sababu zina mafuta. Mguu haustahimili. Mguu wa mbuzi aliyepanda na kushuka vichuguu maisha yake yote hauna mafuta ya kuyeyuka, na moto mkali huukausha kabla haujaulainisha. Mteja hutafuna hadi taya zimchoke, halafu anamlaumu mbuzi.

Hii ndiyo taabu ya nyamapori tangu zamani: mnofu mwingi, mafuta hakuna. Wapishi wa Ulaya huichomeka vipande vya mafuta ya nguruwe. Pwani yetu haina haja ya nguruwe. Ina mnazi, ina ndimu, ina papai bichi, na ina saburi.

Chukua mguu wa kilo mbili hivi. Menya utando mweupe unaong'aa, huo haulainiki hata ukikesha motoni, lakini mafuta kidogo utakayoyakuta yaache. Uchanje hadi karibu na mfupa. Twanga kitunguu saumu na tangawizi, tia chumvi, pilipili manga, maji ya ndimu, na kijiko kimoja cha papai bichi lililosagwa pamoja na ganda. Sugua mpaka michanjo ishibe. Uache saa tatu, usizidishe sana. Kuna watu wanaoulaza usiku kucha wakidhani wanaongeza ladha, na asubuhi wanakuta papai limeula mnofu na kuugeuza rojo.

Kisha uchemshe kwa maji machache, sufuria imefunikwa, moto wa wastani, mpaka uma uingie bila kusukumwa. Kwa mbuzi wa huku hiyo ni zaidi ya saa moja, pengine mbili. Supu hiyo haimwagwi. Wanywe waliokaa wakisubiri, kwenye vikombe, na ndimu na pilipili pembeni. Nusu ya wageni watakusifu hapo, kabla hujaanza kupika hasa.

Wakati mguu unachemka, shughulikia nazi. Mbili zinatosha. Nazi za Sultan Hamud zimesafiri, basi itikise kila moja sikioni kabla ya kulipa: isiyo na maji ndani mara nyingi imeoza. Kaa juu ya mbuzi umkunie mbuzi, na pilipili mbuzi iwe karibu. Kamua tui zito la kwanza kwa maji machache ya vuguvugu, ulichuje, uliweke peke yake. Tui jepesi la pili tia kwenye sufuria ya nyama. Lile zito pika kwa moto mdogo na bizari ya manjano, kitunguu saumu, na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Koroga bila kusimama, kwa upande mmoja. Ukienda mlangoni kuzungumza na jirani, tui litakatika na hakuna wa kumlaumu. Likishakuwa zito la kushika mwiko, epua ndipo ukamulie ndimu.

Sasa ndipo makaa. Yawe yamekwisha pata jivu juu, pasiwe na ulimi wa moto hata mmoja. Weka mguu juu ya wavu, upake tui, ugeuze, upake tena. Tui litadondokea makaa na kutoa moshi wenye harufu ya nazi iliyoungua kidogo, na moshi huo unaurudia mnofu. Ni njia ileile ya kuku wa kupaka, mama yeyote wa Mombasa au Lamu anaijua. Nilichokifanya ni kumtoa kuku tu. Rangi ikigeuka kuwa ya dhahabu yenye madoa meusi, imetosha.

Cha kulia? Wali mweupe, au ugali laini. Wali wa nazi pamoja na nyama ya tui naona ni kujionyesha, ingawa nimebishiwa sana kwa neno hili na watu wa Mombasa. Kachumbari iwepo, na kama ni msimu, embe bichi la Makueni likatwe vipande vyembamba na chumvi na pilipili. Kaunti hii ina maembe ya kutosha kulisha nusu ya nchi, na ni ajabu kwamba mikahawa mingi ya hapa bado inakuletea sosi ya chupa.

Halafu pakua kwenye sinia moja. Birika la maji lizunguke, mikono inawe, watu wakae chini au kwenye benchi la kivulini wakilielekea sinia. Hilo la sinia si pambo. Mlaji mwenye sahani yake hula kwa mwendo wake na kuondoka. Mlaji wa sinia humsubiri mwenziwe, humsogezea mnofu mgeni, huzungumza. Raha za pwani ambazo watu hulipa hoteli ili wazipate ni za namna hii, na bahari haidai kuwepo. Kivuli, upepo wa alasiri, kahawa chungu kutoka kwenye dele baada ya chakula, kipande cha kashata, mazungumzo yasiyokuwa na ajenda. Hata maji si mageni kwa pande hizi mbili: mvua inayonyesha vilima vya Chyulu, kusini mashariki mwa hapa, hupenya kwenye mawe ya volkeno ikatokea chemchemi za Mzima, na maji ya Mzima husafiri kwa bomba hadi Mombasa. Wali wa kule umepikwa kwa mvua ya huku miaka mingi sasa.

Treni mpya, iliyoanza mwaka 2017, ina kituo Emali na haina Sultan Hamud. Abiria wake huupita mji kwa kasi. Aliye hapa leo amekuja kwa barabara, na kwa mguu wa namna hii inampasa apige simu asubuhi kumwagiza mwenye bucha, aje na nazi zake, na akubali kukaa mpaka alasiri. Wenye mikahawa nimewaona hawakatai kumkodisha mtu jiko na wavu, ila watamcheka kidogo akianza kukuna nazi.

Masalio yasitupwe. Changanya tui lililobaki na ule mchuzi wa sufuria, chambua vinyofu vilivyoshika mfupani uvitie humo, na kesho yake umimine juu ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, ulioiva vizuri na maharagwe. Mpishi wa Ukambani atakuambia muthokoi hautiwi nazi. Mpe bakuli kwanza, mjadala baadaye.