Mzamiaji wa Ziwa Nyasa abebe silaha?

KATIKA vijiji vya milimani kama Mapera, wilayani Mbinga, Ziwa Nyasa linajulikana kwa mambo mawili: usipa na mamba. Usipa hupanda mlima kwa magunia na kuuzwa magulioni. Mamba hupanda kwa habari tu, na mara nyingi habari hizo ni za msiba.

Ndiyo maana kijana wa huko anapowaaga wazazi kwamba anakwenda Mbamba Bay au Liuli kufanya kazi ya kuzamia, swali la kwanza si mshahara. Wazee humuuliza atabeba nini mkononi. Mkuki? Kisu? Au bunduki itakaa kwenye boti?

Swali hilo si la Ruvuma pekee. Katika bahari za dunia, wazamiaji wamebishana kwa miaka mingi kama wabebe silaha dhidi ya papa. Wapo wanaobeba rungu fupi la kumsukumia papa pembeni, wapo wenye fimbo yenye risasi nchani, na wapo wanaofunga mguuni kifaa cha umeme cha kumfukuza. Hata hivyo, hesabu za Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, zinaonyesha kuwa mwaka 2023 watu 69 tu ndio walioumwa na papa duniani kote bila kumchokoza, na kati yao 10 walikufa.

Ziwa Nyasa halina papa. Lina mamba, na kwa mtu anayetafuta riziki majini, mamba ni tishio la kweli kuliko papa.

Kazi yenyewe

Ziwa hili linakadiriwa kuwa na aina za samaki zinazofikia 1,000, na wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Wale wadogo wenye rangi za buluu, manjano na chungwa, wanaokaa kwenye mawe, huitwa mbuna. Hao ndio samaki wa mapambo wanaofugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya, Marekani na Asia. Wapenzi wa samaki hao ughaibuni wanayafahamu majina kama Mbamba Bay, Liuli, Lundo na Puulu, kwa sababu kila eneo la mawe lina mbuna wa rangi yake.

Samaki huyu havuliwi kwa ndoano. Mzamiaji hushuka na mtungi wa hewa mgongoni, au hupumua kwa mpira mrefu unaotoka kwenye kompresa iliyo kwenye boti. Hutandaza wavu mdogo kando ya jiwe na kuwasukumia samaki humo polepole. Mikono yote miwili ina kazi. Hapo ndipo hoja ya silaha inapoanza kuyumba, kwa kuwa mtu mwenye mkuki mkononi hawezi kushika wavu.

Kwa nini silaha haisaidii

Mamba hashambulii kwa kutangaza. Huvizia akiwa amezama, macho na pua vikiwa usawa wa maji, kisha huruka ghafla. Mzamiaji aliyevaa miwani ya maji huona mbele tu, si nyuma wala juu. Mpaka atambue kilichotokea, muda wa kuchomoa kisu umekwisha.

Pili, maji hupunguza nguvu ya mkono. Pigo ambalo nchi kavu lingevunja tawi, chini ya maji huwa kama kusukuma. Mgongo wa mamba nao umefunikwa kwa magamba yenye mfupa ndani. Aliyekwisha kukamatwa hushauriwa kulenga macho, au kusukuma mkono hadi kwenye kilimi kinachoziba koo la mamba ili maji yamwingie. Hiyo ni juhudi ya dakika ya mwisho, na haihitaji silaha ya kununua.

Bunduki nayo ina masharti yake. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kuimiliki kunahitaji leseni. Kumfyatulia risasi mamba aliye karibu na mwenzako majini ni hatari kwa mwenzako pia.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kumuua mnyama ili kuokoa maisha, lakini tukio lazima litolewe taarifa, na ngozi ni nyara ya Serikali. Biashara ya ngozi hizo inasimamiwa pia na mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao umeiwekea Tanzania kikomo cha mamba 1,600 wa porini kwa mwaka. Anayefikiri kwamba mkuki utampa ulinzi na ngozi ya kuuza, amekosea hesabu mara mbili.

Kisu kidogo ni jambo jingine. Mzamiaji anakihitaji, lakini kwa ajili ya nyavu. Nyavu za wavuvi zilizonasa kwenye mawe ni mtego kwa binadamu kama zilivyo kwa samaki.

Kinga ni mahali na wakati

Habari njema kwa mfanyabiashara ni kwamba mbuna na mamba hawapendi makazi yaleyale. Mbuna anataka mawe na maji meupe. Mamba hupenda milango ya mito, matete na fukwe tulivu anakoweza kuvizia. Mlango wa mto Ruhuhu, kati ya Manda na Lituhi, ni mfano unaofahamika. Samaki aina ya mbasa hupanda mito kutaga mayai, na mamba humfuata. Kabla ya kujengwa daraja linalounganisha Ludewa na Nyasa, waliovuka mto huo kwa mitumbwi waliifahamu vizuri hofu hiyo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuzamia kwenye mawe yaliyo mbali na mito. Ya pili ni kuacha kazi maji yanapochafuka wakati wa mvua, na kutoingia majini alfajiri, jioni wala usiku. Ya tatu ni kuingia na kutokea kwenye boti, si kutembea kwenye maji ya kiunoni. Ya nne ni kuwa na mtu wa zamu juu, ambaye kazi yake ni kutazama maji tu. Mshahara wa mtu huyo ni gharama, lakini ndiyo silaha inayofanya kazi.

Hatari isiyo na meno

Wakati mjadala wa mamba ukiendelea, hatari nyingine husahaulika. Samaki wa mapambo hapandishwi juu kwa mkupuo, kwani kibofu chake cha hewa hutanuka na anaweza kufa. Huwekwa kwenye kikapu na kupandishwa kwa vituo. Ajabu ni kwamba mtu anayemtunza samaki hivyo, yeye mwenyewe hupanda haraka na kurudi chini tena.

Hewa inayopumuliwa kwenye kina huingiza naitrojeni katika damu. Mtu akipanda upesi, gesi hiyo hugeuka mapovu mwilini. Dalili zake ni maumivu ya viungo, ganzi na hata kupooza. Mwendo unaoshauriwa ni usiozidi meta 9 kwa dakika, na kupumzika dakika tatu kwenye kina cha meta 5.

Kwa mtu wa Mbinga kuna mtego zaidi. Ziwa liko meta 475 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo majedwali ya kuzamia ya baharini hayafai bila marekebisho. Vijiji vya milimani viko zaidi ya meta 1,000. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga imefanya safari kuwa fupi, na kijana aliyezamia asubuhi anaweza kulala nyumbani Mapera usiku huohuo. Mlima huo unaweza kuamsha mapovu ambayo ziwani yalikuwa yametulia. Inashauriwa kusubiri saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 au zaidi kwa aliyezamia mara nyingi.

Fedha iende wapi

Mwenye kikundi cha wazamiaji aliye na fedha ya kununulia silaha anaweza kuitumia vizuri zaidi kwa kompresa isiyovuta moshi wa injini, saa ya kupimia kina, na mafunzo. Kijiji nacho kitapata faida zaidi kwa uzio wa nguzo mahali pa kuchotea maji, kwani wanaokutana na mamba mara nyingi ni akina mama, watoto na wavuvi wanaovuta nyavu ufukweni, si wazamiaji.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari. Hakuna biashara ya samaki inayofidia hasara ya namna hiyo. Wazee wa Mapera wana haki ya kuuliza kijana wao atabeba nini. Lakini waulize pia atazamia wapi, nani atakuwa juu akimtazama, na atapanda mlima saa ngapi.