Maharagwe ya Gunia Moja

Jumamosi tulizunguka soko la Butembo kutwa nzima bila haraka: mama mdogo, yaya aliyeolewa Beni, marafiki zake wawili na mimi. Kwenye vikwembe pekee tulimaliza saa mbili. Tulivipapasa na kuvigeuza kutazama ndani, kwa kuwa kikwembe cha nta halisi hupakwa nta pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, ndiyo maana hakina mgongo. Hatukununua hata kimoja, na hakuna aliyenuna.

Kwa mama wa maharagwe ndipo kesi ilipofunguliwa.

"Karibu mukiliya, haya ya Lubero, mapya!"

Mama mdogo alikuwa na lake moyoni. Msimu uliopita tuligawana gunia moja na yaya, naye akashuka na nusu yake Beni. Kule yaliiva mapema. Huku kwetu mama mdogo alipepea makala hadi jioni. Basi akawa anashuku kwamba yaya alichagua nusu iliyo nzuri.

Yaya hana kosa, kwani gunia lilikuwa lilelile. Tofauti iko hewani. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Beni mita 1,100 hivi. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako hupungua, na pamoja nayo hupungua ule uzito unaoyakandamiza maji chunguni. Maji yasiyokandamizwa sana huchemka mapema: pwani kwa nyuzi 100, Beni kwa 96 hivi, Butembo kwa 94 hivi. Yakishachemka, joto lake halipandi tena. Ukiongeza makala, maji yatakauka upesi, lakini maharagwe hayatapata joto zaidi. Nyuzi mbili zaonekana kidogo, ila kinachozishikanisha chembe za haragwe ni pektini, gundi ya mimea, na gundi hiyo huyeyuka polepole kila joto linapopungua.

Umri nao una neno lake. Haragwe likikaa miezi kwenye ghala lenye joto na unyevu, fitati iliyokuwa imeishika kalsiamu huvunjika, kalsiamu ikaachiliwa na kwenda kuifunga pektini. Maharagwe ya hivyo huweza kuchemka mchana kutwa yakabaki na kiini kigumu. Kwa hiyo mama mdogo aliponyanyua kiganja kimoja cha maharagwe hadi kwenye mwanga, kisha akang'ata punje, alikuwa akipima mambo mawili. Jicho lilitafuta weusi wa uzee kwenye ganda. Jino lilipima ukavu. Mimi namheshimu sana kwa kipimo hicho.

Dawa ya ugumu huo wazee wetu waliifuata mbali. Wanande walivuka bonde la Semliki wakiwa na chakula mgongoni, wakabadilishana na chumvi ya ziwa Katwe, ambalo leo liko Uganda. Mbali na chumvi ya kawaida, ziwa lile lina magadi. Sodiamu ya magadi huiondoa kalsiamu kwenye pektini na kukaa mahali pake, lakini yenyewe haifungi, gundi ikalegea. Itieni kidogo tu, maana magadi huharibu vitamini B1. Kuloweka usiku kucha kunasaidia bila hasara hiyo.

Nalisema hili kwa uchungu: kila saa ya ziada jikoni ni makala, na makala ni miti. Mingine hukatwa ndani ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo hatuna nyingine kama hiyo.

Tukirudi tulipita dukani kwenye sufuria za mvuke, zile zenye mpira kwenye mfuniko. Mama mdogo alifungua moja, akabonyeza mpira kwa kidole gumba. Sufuria hiyo huufungia mvuke ndani, ikaurudisha ule mkandamizo ambao mlima umetunyang'anya na kuzidisha, hadi maji yakapita nyuzi 110. Maharagwe yaliyolowekwa huiva humo kwa chini ya nusu saa.

"Sisi wa Beni tutasubiri kidogo," yaya alisema akicheka. "Ninyi wa mlimani ndio wenye shida."

Mama mdogo hakumjibu. Alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya mwisho.