Chupa moja tu kwenye arusi

 Leo hatutasema juu ya kofia ya chuma wala viatu vya usalama. Tutasema juu ya swali ambalo baba mmoja alikuja kuniuliza dispansere.

Baba yule ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa miaka zaidi ya hamsini. Miezi kumi na minne imepita tangu aonje pombe mara ya mwisho. Zamani alikuwa akiamka kabla ya jogoo kuwika, mikono ikitetemeka, asiweze kushika kikombe cha chai bila kumwaga mpaka kwanza apate lutuku. Tulimlaza lopitali siku saba, akaacha. Leo mwili umerudi, deni la dukani limelipwa, watoto wanasoma. Aliketi mbele yangu akasema hivi: "Mganga, binti yangu anaolewa mwezi wa nane. Wakwe wataleta pombe, na desturi inataka baba wa binti aonje wa kwanza. Mimi nimekwisha kupona. Chupa moja tu, itadhuru nini?"

Mama alikuwa ameketi kando yake. Hakusema neno. Alikuwa akitazama mikono ya bwana wake.

Usilicheke swali hili, ndugu msomaji. Wengi kati yenu mnajiuliza vilevile kimoyomoyo, siku ya mshahara, mkipita mbele ya baa. Mimi nataka kulijibu bila kukudanganya, kwa maana mara moja nimekwisha kulijibu vibaya. Mwaka wa kwanza wa kazi yangu, nikiwa nimetoka tu shule ya wauguzi, dereva mmoja wa kamioni aliniuliza jambo hilo hilo. Alikuwa mtu mwema, mwenye mzaha, nami nilitaka kumfurahisha. Nilimwambia: "Kunywa, lakini kwa kiasi." Juma la kwanza alikunywa chupa moja, akaja kunionyesha kwamba yuko mzima. Juma la pili hakuja. Kabla mwezi haujaisha alikuwa akinywa asubuhi, na kapita wake alimwondoa kwenye usukani. Alikuwa na watoto sita. Neno langu moja la kumpendeza lilimgharimu kuliko ugonjwa wowote niliopata kumtibu.

Wako waganga wakubwa kuliko mimi waliofikiri kwamba jambo hilo lawezekana. Mwaka 1962, huko London, mganga D. L. Davies wa lopitali ya Maudsley aliandika kwamba kati ya walevi 93 waliotibiwa pale na kufuatwa baadaye, 7 walikuwa wakinywa kama watu wengine, bila shida, miaka saba na zaidi baada ya kutoka lopitali. Mabishano yalikuwa makali. Mpaka siku zile karibu wote walifundisha kwamba mlevi aliyeacha asionje tena hata tone. Chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, kilichoanza Marekani mwaka 1935, kinafundisha hivyo mpaka leo. Sasa mganga mkubwa anatoa watu 7 na kusema: watazameni hawa!

Lakini habari haikuishia pale. Mwaka 1985 mganga mwingine wa London, Griffith Edwards, alitangaza yale yaliyopatikana watu wale 7 walipotafutwa tena. Watano walikuwa wamepata shida kubwa ya pombe, nao walikuwa nayo hata siku zile walipodhaniwa kuwa wazima. Wawili tu ndio waliokunywa bila matata muda wote. Tena mmoja wa hao wawili hakuwa amefungwa sana na pombe tangu mwanzo.

Hesabu hii haisemi kwamba wale wengine wote walipotea, kwa maana aliyeacha kabisa hakuhesabiwa kati ya wale 7. Inasema tu kwamba katika watu 93 waliougua kweli, wale walioweza kurudia kunywa kidogo na kubaki salama ni wa kuhesabu kwa vidole viwili. Nani kati yetu atashuka mgodini kwa ngazi ambayo watu wengi hivyo hawakuweza kuitumia?

Angalia sana yule mmoja ambaye hakuwa amefungwa. Yeye ndiye anayetufungulia jambo. Watu wanaokunywa kupita kiasi si wa namna moja. Yuko anayekunywa chupa nyingi siku ya mshahara, anagombana na jirani, anapoteza franka zake, lakini akikosa pombe juma zima mwili wake haumdai kitu. Na yuko yule ambaye mwili wenyewe unadai. Mwaka 1976 huyo Edwards pamoja na mwenzake Milton Gross waliandika dalili za huyu wa pili: anahitaji chupa zaidi na zaidi ili asikie kitu; asubuhi anatetemeka na kutoka jasho; anakunywa ili atulie, si ili afurahi; na pombe inapita mbele ya mke, kazi na chakula. Waliandika dalili nyingine moja ambayo ningependa ikae kichwani mwako. Mtu wa namna hii akiacha, kisha akarudia, ugonjwa hauanzi tena mwanzoni. Uliochukua miaka kumi kujengeka unaweza kurudi wote kwa siku chache.

Wazee wetu wanajua njia ya porini. Ukiiacha mwaka mmoja, majani yanaifunika, unaweza kusema hapana njia. Lakini chini udongo umebaki mgumu, na mguu ukikanyaga unaitambua mara moja. Ubongo wa mtu aliyefungwa na pombe uko vivyo hivyo. Dereva wangu alifikiri anaanza kunywa upya. Hapana, aliendelea pale alipoachia.

Basi, kwa wewe ambaye hukutetemeka kamwe asubuhi, hukunywa kamwe ili upate kusimama: kupunguza kunawezekana, na wako waliofaulu. Anza kwa kukaa mwezi mzima bila tone. Ukishindwa kuumaliza, umekwisha kupata jibu lako, wala huna haja ya kuniuliza. Ukiumaliza bila taabu, jiwekee mpaka na mwambie mke wako mpaka huo. Lakini usiniambie kwamba kiasi chako ni "vikombe viwili vya lutuku". Lutuku hupikwa kila nyumba kwa namna yake, na hakuna ajuaye nguvu ya kikombe kile. Kitu kisichopimika hakina kiasi.

Hata pombe ya chupa, ipime vizuri. Chupa kubwa ya sentilita 72, yenye nguvu ya 5 kwa mia, ina karibu gramu 29 za alkoholi safi. Mwili huondoa gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Kahawa haiharakishi, maji baridi kichwani hayaharakishi, usingizi hauharakishi. Chupa moja ni saa tatu mpaka nne. Mtu aliyeanza saa moja ya usiku na kunywa chupa nne, pombe itamtoka kati ya saa moja na saa tano ya asubuhi. Kumbe zamu ya asubuhi imeanza saa kumi na mbili! Anapanda mashine akiwa amelewa, na yeye mwenyewe anasema: "Jana ndiyo nilikunywa." Tena mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho kinaweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Ninaposema kupunguza, nasema kupunguza hatari.

Kwa baba yetu wa arusi, jibu langu lilikuwa hapana. Nilimwambia: "Baba, mimi ni mtoto wako kwa miaka, lakini juu ya jambo hili nisikilize. Wewe ulikuwa unatetemeka." Alikasirika kidogo. Alisema waganga hawajui aibu ya mtu mbele ya wakwe. Na kweli, hapo ana haki. Sisi tunaandika "asinywe" kwenye karatasi, kisha tunamwacha peke yake mbele ya watu hamsini. Tukaketi kuitafuta njia. Nilitaja munkoyo, akacheka: "Munkoyo wa siku gani?" Ana akili. Munkoyo wa siku ile ile ni mtamu, hata mtoto anakunywa, lakini ukikaa siku mbili tatu unachacha na kuwa pombe, na kwake mtu huyu ni pombe. Basi uwe wa siku ile ile, uliopikwa nyumbani kwake, au asiuguse.

Hapo ndipo mama alisema kwa mara ya kwanza. "Baba mdogo wa binti yupo. Desturi inataka kinywa cha baba. Na mdogo wake ni baba vilevile. Wakwe waambiwe mapema, si siku ile." Bwana wake alinyamaza. Kisha alisema atafikiri. Sikumlazimisha. Arusi bado haijafika, nami sijui atafanya nini.

Mama wa nyumba, nina neno kwenu pia. Iko dawa iitwayo disulfiram, inayomfanya mtu augue akinywa pombe. Ni dawa ya mtu anayejua na anayekubali, chini ya macho ya mganga. Nimesikia kwamba wengine wanaitafuta ili waitie ndani ya bukari kwa siri. Msifanye hivyo! Bwana asiyejua atakunywa kama kawaida. Moyo utapiga mbio, atatapika, na aweza kufa mbele ya watoto. Na bwana akianguka baada ya miezi mingi, msifiche wala msimtukane siku ile. Mleteni kesho yake asubuhi. Mtu aliyekunywa usiku mmoja ni rahisi kumrudisha kuliko yule aliyeona aibu mwezi mzima.

Wewe unayetetemeka asubuhi na unataka kuacha leo baada ya kusoma haya: usiache peke yako, umefungiwa chumbani. Mwili uliozoea hivyo, ukinyimwa ghafula, unaweza kushikwa na kifafa katika siku mbili za kwanza. Siku ya pili mpaka ya nne wengine huona vitu ambavyo havipo, wanapigana na ukuta, homa inapanda, na wako wanaokufa. Lopitali tuna dawa za kutuliza mwili na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Njoo mwanzo wa juma, ili zile siku mbaya zikukute wakati waganga wote wako kazini. Usije siku ya posho jioni. Na kama siku hiyo asubuhi umekunywa kidogo ili miguu ikufikishe kwetu, njoo tu hivyo hivyo, useme ukweli mlangoni, hatutakufukuza.